Aliyeitika Hakuwa Wilfredi

Wanangu, mlipokuja Jumamosi kunisalimia, kumi na mmoja kwenye mabenchi mawili ya barazani, na sukari na miche ya sabuni, nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Lakini kuna jambo niliona nikanyamaza. Wawili kati yenu mlikaa huyu mwanzo wa benchi la kwanza, yule mwisho wa benchi la pili, na chai ilipoletwa mmoja akasema kwa upole kabisa, "Mwambieni huyo apitishe sukari." Huyo! Mtu ana jina alilobatizwa, mnalala kambi moja, mnashika spana moja, leo amekuwa "huyo". Nikainamia kikombe changu nikacheka, mkadhani bibi kanogewa na chai.

Sikuwa nawacheka ninyi. Nilimkumbuka mwanamke mmoja mjinga aliyesema maneno hayohayo kambini wiki baada ya wiki, na mwanamke huyo ni mimi, Gaudensia, ambaye leo mnaniita Mama na kuniamkia Shikamoo.

Mliniomba niwaandikie kuhusu kazi yetu ya maji ya mserereko, yanayoshuka yenyewe kutoka mlimani bila pampu. Nadhani mlitaka mambo ya mabomba: jinsi ya kupitisha njia ya maji kwenye mwamba, jinsi ya kujua chanzo kitakachokauka Oktoba. Hayo mtayakuta kwenye madaftari yangu, njooni mchukue. Leo nataka kuwaambia habari za watu. Bomba likivuja unaona tope, unachimba, unaziba, unaenda kula. Mtu akivuja huoni kitu. Anaamka asubuhi, anachukua koleo, anafanya kazi, na ndani kumeoza.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Oswini, kiongozi wa kikundi chetu, Mmatengo wa milimani kama mimi, mfupi, mwenye kofia ya sufu hata jua la saa saba. Wiki yangu ya pili kazini nilisafisha bomba kwa kitambaa, nikakisahau ndani, nikaunganisha, tukafukia. Kijiji kizima kilikaa siku mbili kinatazama bomba kavu. Kina mama walikuja na ndoo zao tupu, na midomo yao mnaijua. Mzee Oswini akasimama mbele yao akasema, "Tumekosea. Tumeacha kitambaa ndani. Leo jioni mtapata maji." Tumekosea! Hakunitazama hata kwa pembe ya jicho. Walipoondoka akaniita nyuma ya kontena la vifaa, na huko, jamani, nilikiona. Alinisema mpaka kofia ikamwendea upande. Kisha akasema, "Mbele za watu ni sisi. Hapa nyuma ni wewe." Nimewasimamia watu miaka mingi kwa maneno hayo, na bado namshukuru.

Jambo jingine lake lilikuwa chakula. Sisi Wamatengo wazee wetu walikuwa na sengu, mahali wanaume wa ukoo walipokula pamoja, na mtu mwenye shauri alilitoa watu wakishamaliza kunawa, kamwe si kabla. Mzee Oswini aliihamishia sengu kambini, akatia na wanawake, akatia na Wanyasa wa ziwani, akatia na Mngoni wetu mmoja aliyekuwa akilalamikia chumvi kila siku. Sinia moja. Tukishiba anauliza, "Nani ana jiwe kiatuni?" Hapo ndipo unasema kilichokuuma siku hiyo, kwa jina la aliyekuuma, naye yupo hapohapo na mkono una mabaki ya ugali. Ni vigumu sana kumchukia mtu mliyegombea naye kipande cha samaki.

Sasa Wilfredi. Wilfredi alikuwa mtu wa Liuli, kule ziwani, mrefu, mtaratibu, fundi wa maungio kuliko sote. Akiunganisha bomba hurudii. Tulielewana vizuri tu, ananitania kwamba sisi wa milimani tunaogopa maji yasiyokaa kwenye ndoo, namtania kwamba wao wakipanda mlima wanaomba chanjo. Mpaka siku alipokuja mhandisi wa mradi.

Tulikuwa tumekwama kwenye mwamba mkubwa, wiki nzima. Mimi ndiye niliyeona kwamba tukizungukia chini, kwenye mteremko wa migomba, tunaupita bila kupasua hata jiwe. Tukazungukia. Mhandisi akaja, akatazama, akampiga Wilfredi begani: "Kazi nzuri sana hii. Akili ya hali ya juu." Na Wilfredi akasema nini? Akasema, "Asante, bosi."

Nilisubiri aongeze neno. Nilisubiri mpaka gari la mhandisi likatokomea, halafu roho ikanipanda juu. Jioni sikulitoa jiwe kiatuni. Ilikuwa Kwaresima, nikasema nimefunga, nikajitenga na sinia. Na nikiwa huko pembeni, na wenzangu wawili wanafua, nikasema, "Watu wa ziwani bwana, wanavua hata kisichokuwa majini." Wakacheka sana. Nilijiona hodari. Kabla ya giza maneno yalikuwa yameshamfikia Wilfredi, tena yameongezwa pilipili.

Basi ikaanza. "Mwambie huyo alete gundi." "Mwambie huyo gundi imeisha." Yeye kasimama hapo, mimi nimesimama hapa, katikati yetu hatua tatu, na mtu wa tatu anapeleka maneno kama anauza karanga. Pasaka ikafika, watu wakala nyama, mimi nikaendelea kufunga. Nadhani ni mimi Mkatoliki pekee Mbinga nzima aliyefunga Kwaresima mpaka maharage yakakauka shambani. Mzee Oswini aliniuliza mara moja, "Gaudensia, tumbo linauma?" Nikasema naam, linauma. Hakuuliza tena.

Siku ya kujaribu maji ikafika. Hebu niwaeleze tulivyofanya, maana ninyi mnatumia simu. Simu zilikuwepo mjini, ila bonde lile halikuwa na mtandao, na sina hakika kama unao leo. Mzee Oswini alikaa juu, chanzoni, mkono kwenye koki. Wilfredi alikuwa chini kabisa, korongoni, kwenye chemba ya mwisho, akifunga kifuniko cha mwisho wa bomba. Katikati, kwenye mgongo wa kilima, nikawekwa mimi, kwa sababu ya sauti. Nilikuwa naimba kwaya, sauti ya kwanza, na nikiita mlima huu mbuzi wa mlima ule wanageuka. Sheria ilikuwa moja: aliye chini ndiye anayeruhusu. Mzee ananiuliza, mimi namuuliza Wilfredi, Wilfredi anajibu, mimi napandisha jibu, ndipo koki inafunguliwa.

Saa nne asubuhi Mzee Oswini akaita, "Gaudensiaaa! Chini tayari?"

Nikageukia korongoni. Na hapa ndipo nawaomba mnisikilize vizuri. Ningeita tu, "Wilfrediii!" Jina moja, kinywa kinafunguka mara moja. Sikuliita. Miezi miwili nilikuwa sijalitamka jina lile na sikutaka nianze mimi. Nikaita, "Wa huko chiniii! Tayariii?"

Kutoka bondeni ikapanda sauti, ndefu, ya adabu, mwangwi umeichanganya usijue ni ya mwanamume au ya mwanamke: "Eeeeeh!"

Nikageuka juu. "Tayari! Fungua!"

Mnajua huku kwetu milimani ilivyo. Mtu akiita kutoka kilima kingine, aliyesikia anaitika. Hajui anayeita ni nani, hajui anaitiwa nini, lakini kunyamaza ni kukosa malezi. Nimekulia humo. Nilipaswa kuwa mtu wa kwanza kulikumbuka.

Maji hayafiki mara moja. Kwanza hewa inatangulia, bomba linaanza kupumua, linapiga mluzi. Mzee Oswini alitufundisha siku ya kwanza: bomba likipumua, toa kichwa, mengine baadaye. Wilfredi alisikia mluzi, akatoa kichwa. Mkono ukachelewa. Kifuniko alikuwa hajakikaza, kikaruka na kumpiga kiganja cha kulia dhidi ya ukuta wa chemba. Mimi nikiwa juu nilisikia kishindo, kisha nikasikia Wilfredi akilia. Mwanaume mtaratibu yule. Sijawahi kuisahau sauti ile.

Niliita juu, "Fungaaa!", halafu nikashuka. Mteremko wote ule umechimbwa ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia yaliyopangana mlima mzima, nikawa naruka tuta hili na lile, nikaanguka sijui mara ngapi. Nilipofika korongoni nilimkuta mwanamke mmoja ameshatangulia. Alikuwa ameacha kung'oa maharage yake, amekaa chini kwenye matope, kichwa cha Wilfredi kwenye mapaja, na amefunga ule mkono kwa kitenge chake. Akaniinulia macho.

"Ni wewe uliyekuwa unaita, mwanangu?" akaniuliza. "Nilikuitikia."

Nilikaa palepale kwenye maji. Huyo alikuwa Mama Apolonia, mwenye shamba, ambaye hakujua tunajaribu nini wala koki ni nini. Nilimkabidhi maisha ya mwenzangu kwa sababu sikutaka kutamka jina.

Wilfredi alipelekwa hospitali kwa gari la mradi. Mimi nilirudi kambini nikakaa nyuma ya kontena, kule kwa kusemwa, nikingoja nisemwe. Nilikuwa na watoto wawili shuleni, na mume wangu hakuwa na kazi mwaka ule. Nikifukuzwa tumekwisha. Na kweli, wenzangu wawili, wale waliocheka siku ile ya kufua, wakaja wakanong'ona: "Dada, tuseme koki ilikuwa mbovu. Nani atajua?" Walikuwa wananipenda, sitawalaumu. Nami nilishawishika, usiku kucha, sitawadanganya.

Asubuhi nikaenda kwanza hospitali, nikiwa na uji kwenye chupa ya chai. Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima. Nikamkuta ameketi kitandani, mkono umefungwa mpaka kwenye kiwiko. Kabla sijafungua mdomo akasema:

"Dada Gaudensia, nilikusikia."

"Ulinisikia nini?"

"Jana. Ulipoita. Nilikusikia vizuri kabisa." Akaangalia dirishani. "Nikasema moyoni, mimi siitwi 'wa huko chini'. Akitaka nimjibu aniite jina. Nikanyamaza, nikijua bila jibu langu koki haifunguliwi."

Nilitaka kumkasirikia, nawaambia kweli, nilitaka sana. Nikashindwa. Nikaanza kulia, naye akaanza kulia, na muuguzi akaja kuuliza nani kafariki.

Tulipotulia nikamuuliza habari ya mwamba. Mbona alipokea sifa zangu? Akanishangaa. "Mwamba gani? Nilidhani bosi anasifia maungio ya tangi." Miezi miwili! Miezi miwili nimefunga nyama, nimechanganyikiwa, nimetukana kabila la mtu, kwa sababu ya mwamba ambao yeye hata hakuufikiria. Swali moja baada ya kunawa lingeyamaliza yote.

Nikamwomba radhi kwa ile kauli ya kuvua. Hakusema "haina neno". Alisema, "Hiyo iliniuma, Dada." Na akaniacha nikae nayo kidogo, kisha akaniomba nimmiminie uji.

Kutoka hapo nikaenda ofisini kwa mhandisi. Mlangoni nikapishana na Mzee Oswini anatoka, kofia mkononi. Sikuwahi kumwona bila kofia. Nikaingia, nikasema yote: sikuita jina, sikuhakikisha sauti, kosa ni langu. Mhandisi akanisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Wilfredi amenitumia salamu kwamba kosa ni lake," akasema. "Oswini ametoka hapa sasa hivi, anasema kosa ni lake, aliwaona mmenuniana miezi miwili akadhani yatapita yenyewe. Na wewe wa tatu unalitaka. Sasa nimfukuze nani?"

Hakufukuza mtu. Namshukuru hata leo, ingawa yeye nadhani alichoka tu na sisi. Kazi ya kutupanga alimwachia Mzee Oswini, na Mzee hakuwa na maneno mengi. Wilfredi aliporudi, vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa havikunjiki. Hawezi kukaza spana. Mzee akasema, "Gaudensia, utakaza wewe. Wilfredi atakuonyesha." Nikawa mkono wake wa kulia. Yeye anashika bomba kwa kushoto, ananielekeza, mimi nakaza. Tulifanya hivyo Liparamba, tukafanya Ukata, tukashuka mpaka kwao Liuli, miaka na miaka. Kila kiungio mlichokuta hakivuji huko, ujuzi ni wake.

Jumapili moja tulirudi wote wawili kwa Mama Apolonia kumrudishia kitenge. Nilikuwa nimekifua mara tano na damu haikutoka yote, kwa hiyo tukampelekea na kipya. Alikuwa amepungua. Kumbe tangu siku ile hakulala vizuri, alidhani ameua. Tukamweleza kwamba hakukosa chochote, kwamba sisi ndio. Akatusikiliza, akakunja vitenge vyote viwili juu ya mapaja, halafu akauliza swali, hakuwa na hasira, alitaka tu kujua:

"Mimi nilisikia mtu anaita, nikaitika. Na wewe baba, ulisikia mtu wako anaita. Mbona wewe hukuitika?"

Wilfredi akaangalia vile vidole vyake viwili. Tulirudi kwa miguu mpaka barabarani hakuna aliyesema neno, na safari hiyo haikuwa kununa.

Tukatengeneza sheria mpya, na ndiyo iliyoko kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu. Unaita kwa jina la mtu na la baba yake. Naye anajibu kwa jina lako, anarudia alichosikia, na kumalizia "ni mimi". Bila hayo matatu koki haiguswi. Wengine walitucheka, wakasema tunaigiza. Tangu hapo hadi nastaafu, kikundi chetu hakikuumiza mtu.

Sasa nirudi kwenu. Mmoja wenu alinionyesha simu yake Jumamosi, grupu la kikundi. Mhandisi kaandika, "Mtu wa chemba ya chini yuko tayari?" Chini yake yamejaa madole gumba. Nikauliza, la nani hili? Akatazama, akasema hili ni la dereva, hili la mtunza stoo, hili la mtu aliye likizo Songea. Na mtu wa chemba ya chini? Akasogeza, akasogeza. "Huyu amesoma, Mama. Hajajibu."

Wale wote walikuwa Mama Apolonia, watu wenye adabu wanaoitika. Na yule mmoja aliyesoma akanyamaza nilimjua mara moja. Alikuwa anangoja aitwe jina.

Ninyi wawili mnajijua, sitawataja. Kesho mnafungua maji Ukata. Nimeuliza, nimeambiwa mmoja wenu anakaa kwenye koki na mwingine anashuka chemba. Sijui nani kamkosea nani, na huenda yupo ambaye kweli amekosewa, sisemi hapana. Leo mle sinia moja. Mkishanawa, ulizaneni. Kama hamtaki kupendana msipendane, lakini kesho saa nne, wewe uliye juu, mwite kwa jina lake na la baba yake. Nawe uliye chini, hata kama kaita vibaya, hata kama kaita "huyo", itika.

Wilfredi naye amestaafu, yuko Liuli na wajukuu. Ananipigia kila Jumapili baada ya misa. Mtandao ni mzuri siku hizi, lakini anapaza sauti kama yuko kilima cha pili: "Gaudensia Kanisiusiii!" Nami nasimama barazani najibu kwa sauti yangu ya kwaya, iliyobaki: "Wilfredi Yohana, nimekusikia, ni mimi!" Wajukuu wangu wanacheka mpaka wanakaa chini. Wanadhani wazee wawili hawajui kutumia simu. Yeye simu anaijua vizuri, ila anaishika kwa mkono wa kushoto.